Deni Lenye Mabawa

Mchopa nilimkopesha elfu themanini
msimu wa salfa.
Korosho zikauzwa, hela zikapita njia nyingine,
na jioni moja akaja na tenga kichwani,
tenga linafoka.
"Shika hawa, mama Shaweji. Dume na jike.
Bata bukini wazima, hawali kitu."
Uongo ule ulinichekesha
kabla haujaniudhi.

Nami nilikuwa na wangu watano.
Dume lao tunamwita Karani,
kwa vile kila alfajiri hupita kuhesabu
nani kalala wapi, nani kakanyaga maji,
shingo juu, mdomo rangi ya bibo lililoiva.
Alilisikia tenga
kabla sijalitua.

Hapa Nanyamba maji tunanunua.
Ndoo ni ndoo, hata kwa ndege.
Nikakata tairi la trekta vipande viwili,
kimoja huku, kimoja kule,
katikati waya wa kuku niliouazima kwa Bi Esha Namtuli,
nikawaambia: tazamaneni tu,
kutazamana hakuna ushuru.

Siku ya kwanza walitukanana mpaka adhuhuri.
Siku ya tatu Karani alijichana kifua kwenye waya
akaona ni kosa la wageni.
Siku ya sita wale wawili waliacha pumba,
wakatupa migongo,
kama wakwe waliokaribishwa wasipewe kiti.

Nikataka kufungua, yaishe.
Nalinga, mume wangu, alikuwa anabangua mhogo,
hakuinua macho.
Yeye alipohamia kwetu
wajomba zangu walimpa jembe
kabla hawajampa jina.
Mwaka mzima aliitwa "huyo".
"Usifungulie nyumbani," akasema.
"Hapa kila jiwe Karani ana ushahidi nalo.
Wapeleke mikoroshoni. Tena si leo."

Tukangoja siku kumi na moja.

Mabibo yalikuwa yametapakaa chini,
mengine yamekwisha kuchacha,
nyuki wanayumba.
Tukawatoa wote saba na vijiti vya mhogo mkononi.
Karani akashusha shingo
akaja chini chini kama moto wa nyasi kavu,
na mgeni, sijui alikuwa na nini moyoni,
hakukimbia.

Mabawa yalipigana kama watu wanaokung'uta mikeka.
Nikainua kijiti. Nalinga akanishika mkono.
"Waache. Wanaulizana ukoo."

Damu ilikuwa kidogo, begani.
Majike ndiyo waliochoka kwanza.
Mmoja akadonoa bibo.
Jike mgeni akalidonoa hilo hilo, upande wa pili,
wakalivuta mpaka likapasuka,
kila mmoja akaondoka na kipande na aibu yake.
Dume mgeni akarudi nyuma hatua tatu
na hatua zile akazitunza:
penye pumba, penye maji, penye kivuli,
Karani mbele, yeye tatu nyuma.
Sikuuita urafiki.
Niliona tu kwamba sasa ana mahali pa kusimama.

Mvua zilipoanza Mchopa akarudi,
kanzu imepigwa pasi, noti mkononi.
Akaziweka mkekani.
"Nimekuja kuwakomboa."
Akapiga mluzi wake wa zamani.
Shingo saba zikainuka.
Akapiga tena, polepole,
kama mtu anayebisha hodi nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Aliyemwendea kwanza ni dume lake,
kichwa chini, anafoka,
na nyuma yake, hatua tatu,
nawaapia,
Karani.

Walimsindikiza mpaka barabara ya Mtwara.
Kandambili moja ilibaki kwenye tope letu,
Nalinga akaiosha, akaianika juu ya ua.

Mimi nikakaa mkekani, nikahesabu.
Elfu sabini na nane.
Mchopa bado alikuwa anaonekana kwenye kona,
anachechemea.
Sikumwita.